Kuhama Jimbo Ndani ya Marekani: Karatasi za Kushughulikia Kabla ya Kufunga Mizigo

Anayetoka Dallas kwenda Portland, Maine, au Phoenix kwenda Des Moines, hapiti mpaka wenye askari wala hagongewi muhuri popote. Ndiyo maana wengi huchukulia safari hiyo kama kutoka Temeke kwenda Kinondoni, au Bukavu kwenda Uvira. Lakini leseni ya udereva, Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), msaada wa chakula, cheti cha muuguzi msaidizi na namba za gari ni mambo ya jimbo, na jimbo jipya halikujui. Hakuna faili linalokufuata lenyewe. Kila ofisi ina muda wake, na muda huo huanza kuhesabiwa siku unayofika, hata kama bado unalala sebuleni kwa binamu ukitafuta nyumba.

Makala haya ni kwa wanaozungumza Kiswahili walioko Marekani: wakimbizi, waliopewa hifadhi, wenye grini kadi, wenye viza, na raia wapya pia, kwa maana mengi ya haya yanawagusa wote.

Tuanze na anwani, kwa sababu ndiko watu wanakoumia zaidi.

Karibu kila asiye raia anatakiwa kuitaarifu idara ya uhamiaji, USCIS, ndani ya siku 10 baada ya kuhama. Fomu yake ni AR-11, haina malipo, na njia nzuri ni kuijaza mtandaoni kupitia akaunti yako ya USCIS. Kila mtu wa familia asiye raia anahitaji taarifa yake, hata mtoto mdogo. Ukiwa na ombi linalosubiri, liwe la grini kadi, kibali cha kazi au uraia, weka namba ya risiti ya kila ombi: herufi tatu zikifuatiwa na tarakimu kumi, juu ya barua uliyopokea ulipotuma maombi. Asiyeweka namba hizo huweza kuwa ametimiza sheria ya kutoa taarifa, lakini faili lake la ombi likabaki na anwani ya zamani, na mwaliko wa kupigwa alama za vidole ukaenda kwenye nyumba aliyohama. Asipofika siku hiyo bila kutoa sababu, ombi huhesabika kuwa limetelekezwa. Hifadhi uthibitisho wa kila ulichotuma, upige picha kwa simu.

Angalia pia namna unavyoiandika anwani yenyewe. Namba ya chumba isipoandikwa, barua hurudi. Ukifikia kwa ndugu ambaye jina lake peke yake ndilo liko kwenye sanduku la barua, mleta barua anaweza kurudisha bahasha yenye jina asilolijua. Fomu ina nafasi ya kuandika jina la mtu unayekaa kwake. Itumie, na ubandike jina lako ndani ya sanduku hilo kwa karatasi na gundi. Ni kazi ya dakika mbili, na inaokoa miezi ya kufuatilia kadi iliyopotea.

Posta ni jambo la pili, na halichukui nafasi ya la kwanza. Ukijaza fomu ya kuhama katika ofisi ya posta hulipi kitu. Mtandaoni unatozwa kiasi kidogo kwa kadi ya benki ili kuthibitisha kuwa ni wewe. Posta itazielekeza barua zako za kawaida kwenye anwani mpya kwa miezi 12. Lakini bahasha iliyoandikwa kwamba irudishwe kwa mtumaji haielekezwi popote, na barua nyingi za serikali na kadi za benki huandikwa hivyo.

Mwenye kesi katika mahakama ya uhamiaji ana wajibu mwingine kabisa. Huyo anajaza fomu EOIR-33 ndani ya siku 5 za kazi na kuipeleka mahakamani, na nakala kwa mawakili wa serikali. AR-11 haiifikii mahakama. Tena, kubadilisha anwani hakuhamishi kesi: kama kesi iko Houston na wewe umehamia Columbus, bado unatakiwa Houston hadi jaji akubali ombi la maandishi la kuihamisha. Asiyetokea mahakamani anaweza kuamriwa kuondolewa nchini bila kusikilizwa. Kwa hiyo mwenye kesi asihame kabla ya kuongea na mwanasheria wake. Anayeripoti kwa maofisa wa uhamiaji kwa ratiba naye awaarifu kwanza.

Anayejiandaa kuomba uraia ajue kwamba fomu N-400 inamtaka awe ameishi miezi 3 katika jimbo au wilaya ya USCIS anakoombea. Ukibakiwa na wiki chache kutimiza miaka inayotakiwa ya kuwa na grini kadi, ni afadhali utume ombi ukiwa bado jimbo la zamani, kisha utoe taarifa ya kuhama.

Sasa afya. Medicaid ina jina lake kila mahali: TennCare huko Tennessee, MassHealth Massachusetts, Medi-Cal California, MaineCare Maine. Majina hayo yanadokeza ukweli wenyewe: ni programu hamsini na zaidi, siyo moja. Kadi ya jimbo la zamani hailipii matibabu ya kawaida katika jimbo jipya, isipokuwa dharura. Na masharti hayafanani. Kentucky na Tennessee zinapakana. Mtu mzima asiye na watoto, mwenye kipato kidogo, anaweza kuwa na Medicaid huko Kentucky. Akivuka kwenda Tennessee na mshahara uleule, anaweza kukosa kabisa, kwa sababu Tennessee, kama Texas, Florida na Georgia, haikupanua Medicaid kwa kundi hilo. Hilo liulizwe kabla ya kununua tiketi, hasa na mwenye kisukari, presha, mjamzito au anayesafishwa figo. Anayesafishwa figo apate kwanza kituo kitakachompokea, chenye tarehe na kitanda, ndipo apange siku ya kusafiri. Wengine wabebe dawa za siku 30 walau, pamoja na orodha ya dawa na majibu ya vipimo. Mahali ambapo bima haipatikani, tafuta kituo cha afya cha jamii kinachopata fedha za serikali ya shirikisho, kwani vituo hivyo hutoza kulingana na kipato.

Aliyekuwa na bima ya kununua kupitia soko la bima la serikali ana siku 60 tangu kuhama za kuchagua bima mpya, lakini ni lazima awe alikuwa na bima kabla ya kuhama. Kuhama peke yake, bila bima ya awali, hakufungui mlango huo.

Msaada wa chakula, SNAP, una mtego wake. Kadi ya EBT, ambayo msaada huo huwekwa ndani yake, inafanya kazi katika maduka ya majimbo yote, basi mtu huendelea kununua na hujiona salama. Salio lililomo ni lako, lakini huruhusiwi kupokea kutoka majimbo mawili mwezi mmoja, na majimbo hulinganisha majina kwa kompyuta. Funga faili la zamani na uombe barua inayoonyesha tarehe ya kufungwa. Ofisi mpya itaitaka. Ombi jipya huweza kuchukua siku 30, au siku 7 kwa mwenye kipato na akiba ndogo sana, kwa hiyo panga chakula cha mwezi mzima kutoka mfukoni. Mama mwenye WIC, msaada wa lishe kwa wajawazito na watoto wadogo, aombe cheti cha kuhamishia huduma kabla ya kuondoka: kwa cheti hicho ataendelea hadi muda wake uishe bila kupimwa vigezo upya.

Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imewaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi katika SNAP hadi wapate grini kadi, na zuio la namna hiyo kwenye Medicaid limepangwa kuanza 1 Oktoba 2026. Mtu ambaye bado anapokea kwa faili la zamani anaweza kugundua hilo pale tu anapoomba upya. Kwa mkimbizi aliyefika karibuni kuna la ziada: huduma za mapokezi za siku 90 za mwanzo hutolewa na shirika lililokupokea, na ukiondoka katikati huenda usizipate kwingine. Msaada wa fedha, ambao kwa waliostahiki kuanzia 5 Mei 2025 ni miezi 4 badala ya 12, huhesabiwa tangu ulipoanza kustahiki, kwa kawaida siku uliyoingia Marekani. Kuhama hakuanzishi hesabu upya.

Leseni ya udereva: California inakupa siku 10 baada ya kuwa mkazi, Georgia na Ohio siku 30, Minnesota 60, Texas 90 (lakini gari lenyewe lisajiliwe ndani ya siku 30). Chukua leseni ya zamani, hati ya uhamiaji, kadi ya Social Security na hati mbili zenye jina lako na anwani mpya, kama mkataba wa pango na bili ya umeme. Hapo ndipo anayekaa kwa ndugu hukwama, kwa kuwa bili zote zina jina la mwenyeji. Uliza mapema kama jimbo lako lina fomu ya mwenyeji kuthibitisha kuwa unaishi kwake. Kama leseni ya zamani inakaribia kuisha, usisafiri nayo hivyo, maana ikiisha unaweza kurudishwa kwenye mtihani.

Na hapa tunaomba umakini wa kila asiye raia. Sheria ya shirikisho ya 1993 inazitaka ofisi za leseni katika majimbo mengi kukuuliza kama unataka kusajiliwa kuwa mpiga kura. Swali huja kwenye mashine ya kugusa au karatasini, katikati ya maswali kuhusu urefu wako na rangi ya macho, na karani ana haraka. Mtu asiyeelewa Kiingereza vizuri hubonyeza ndiyo. Kwa asiye raia, jibu hilo na saini chini yake ni kudai uraia usio wako, na linaweza kukunyima uraia na hata kukuondoa nchini, wenye grini kadi wakiwemo. Jibu ni hapana. Omba mkalimani wa Kiswahili, soma risiti kabla ya kuondoka, na ikitokea barua ya mpiga kura nyumbani, nenda kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuomba uraia au kusafiri nje. Fomu ya uraia itakuuliza kama umewahi kusajiliwa.

Bima ya gari huandikwa kwa anwani mahali gari linapolala. Ukiendelea na bima ya jimbo la zamani kwa kuwa ni rahisi, kampuni inaweza kukataa kulipa siku ya ajali. Ukiikata kabla mpya haijaanza, pengo la hata siku moja linaweza kupandisha bei. Uliza bei ya jimbo jipya kwanza. Michigan, kwa mfano, inajulikana kwa bima ghali.

Kwa kazi, wenye vyeti ndio wa kujihadhari zaidi. Muuguzi msaidizi, yaani CNA, yumo kwenye daftari la jimbo moja na ni lazima aombe kuingizwa kwenye la jimbo jingine. Sheria ya shirikisho inataka saa 75 za mafunzo, lakini California inataka 160, na tofauti kama hizo ndizo huchelewesha ajira. Aombe akiwa bado yuko kazini, na ahifadhi hati za mshahara, kwani aliyekaa miezi 24 mfululizo bila kazi ya uuguzi ya kulipwa hutakiwa kusoma upya au kufanya mtihani upya. Muuguzi mwenye leseni ya pamoja ya majimbo anayehamia jimbo jingine la mkataba huo ana siku 60 za kuomba leseni ya huko. California na New York hazimo kwenye mkataba. Dereva wa lori ana siku 30 za kubadilisha leseni yake. Na usilinganishe mshahara kwa namba tupu: kima cha chini Texas na Kentucky ni dola 7.25 kwa saa, Washington kilikuwa 16.66 mwaka 2025, lakini pango la Seattle nalo si la Louisville.

Nyumba unayoiacha ina mkataba. Soma kifungu cha kuvunja mkataba kabla hujamwambia mtu. Notisi huwa siku 30 au 60, na iwe ya maandishi. Acha anwani mpya kwa maandishi, maana Texas mwenye nyumba ana siku 30 za kurudisha amana yako lakini halazimiki hadi uwe umempa anwani hiyo. Piga video ya kila chumba, ndani ya jiko na friji pia, siku ya kurudisha funguo. Kwa nyumba mpya, usitume amana kwa simu kwa mtu asiyekuonyesha nyumba; wenye nyumba wengi hutaka kipato cha mara tatu ya pango, kwa hiyo asiyekagua chochote na bei yake iko chini sana huenda ni tapeli.

Ukikodi kampuni ya kuhamisha mizigo kati ya majimbo, iwe na namba ya USDOT, yaani ya usajili wa wizara ya usafirishaji, uihakiki kwenye tovuti ya FMCSA, idara inayosimamia kampuni hizo. Utaletewa karatasi ya kuchagua ulinzi wa mali. Wa bure hulipa senti 60 kwa kila paundi ya kitu kilichoharibika: televisheni ya paundi 40 ikivunjika, unalipwa dola 24. Usisaini sehemu hiyo kwa sababu tu umeonyeshwa pa kuweka kidole. Kama makadirio si ya bei kamili, kampuni haiwezi kukudai siku ya kushusha zaidi ya asilimia 110 ya makadirio. Vyeti vya kuzaliwa, grini kadi, kadi za chanjo na matokeo ya shule visipande lori hilo. Vikae kwenye mkoba wako.

Watoto wasisubiri. Familia iliyofikia kwa ndugu kwa kukosa nyumba inalindwa na sheria ya McKinney-Vento: mtoto huandikishwa mara moja hata kama hati za chanjo, shule au anwani hazijapatikana. Ofisi ya shule ikisema urudi na mkataba wa pango, omba kuonana na afisa wa McKinney-Vento wa wilaya. Kila wilaya ya shule inatakiwa kuwa naye.

Kodi ya mapato: kama umefanya kazi majimbo mawili mwaka mmoja, kwa kawaida utajaza fomu ya mkazi wa sehemu ya mwaka kwa kila jimbo, isipokuwa yale tisa yasiyotoza kodi ya jimbo kwenye mishahara, Texas, Florida na Tennessee zikiwemo. Mwajiri wa zamani anatakiwa kutuma W-2, hati ya mshahara na kodi ya mwaka, kufikia 31 Januari, na ataituma kwenye anwani aliyonayo, kwa hiyo mpe mpya kabla Desemba haijaisha.