Shtaka gani liandikwe mtu mzima asiyejiweza anapodhulumiwa?

Wengi wanaonijia ofisini hapa Pwani na kesi ya mama mkongwe au ndugu mwenye ulemavu wa akili huanza na swali moja: "Wakili, huyu atafungwa miaka mingapi?" Jibu huwachosha. Kenya haina kosa moja la kumdhulumu mtu mzima asiyeweza kujitetea. Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee, yaani aliyetimiza miaka 60, haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na jamaa zake na serikali. Lakini Katiba haimpeleki mtu jela. Adhabu zimetapakaa katika sheria tofauti, na miaka hutegemea kifungu kilichoandikwa kwenye hati ya mashtaka.

Nianze na ngono, maana hapo ndipo tofauti inapouma zaidi.

Chukua mwanamke wa miaka 25 mwenye ulemavu wa akili, ameingiliwa na jirani. Kifungu cha 146 cha Kanuni ya Adhabu, mabaki ya enzi za mkoloni, kinamhusu anayemwingilia mtu wa namna hiyo huku akijua hali yake, lakini katika mazingira yasiyofikia ubakaji. Adhabu haizidi miaka 14, wala haina kiwango cha chini. Hakimu akitaka kutoa miwili, atatoa miwili. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 imepita njia nyingine. Kifungu cha 42 kinasema kukubali ni kuamua mwenyewe, ukiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Kifungu cha 43 kinamweka mwenye upungufu wa akili pamoja na aliyelala, aliyezimia na aliyeleweshwa: asiyeelewa kitendo hajakikubali, hata kama hakupiga ukemi. Huo ni ubakaji, na adhabu yake ni kuanzia miaka 10 hadi maisha. Julai 2024 Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba viwango vya chini vya sheria hii ni halali, na mahakama haina ruhusa ya kuteremka chini yake.

Mbona basi hati nyingi bado zinakuja na 146? Nadhani ni kwa sababu kifungu hicho kinamtaja mlalamishi waziwazi, hivyo afisa anaona amepata kinachofaa. Mimi nikikiona, jambo la kwanza ni kumwendea kiongozi wa mashtaka. Shtaka linaweza kubadilishwa wakati wowote kabla upande wa mashtaka haujafunga kesi yake.

Lakini kubadilisha shtaka bila ushahidi ni kazi bure. Wapo watu wazima wenye ulemavu wa akili wanaopendana na kuoana, na sheria haiwakatazi. Barua ya daktari inayosema tu "ana ulemavu wa akili" haitoshi. Daktari aeleze kama mlalamishi alielewa kitendo kile ni nini na kama angeweza kukikataa. Naye mlalamishi mwenyewe asiachwe nje ya kesi. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Ngono kinaruhusu mahakama imwekee mtu wa kumsaidia kueleza, au isikize ushahidi wake faraghani, ila mshtakiwa hawezi kutiwa hatiani kwa maneno ya msaidizi huyo peke yake.

Kuhusu kutelekezwa, watu hawaamini nikiwaambia ni jinai. Bibi amefungiwa chumba cha nyuma, chakula ni cha kubahatisha, vidonda vya kulala vimefika mfupani, na wanawe wanasema ni mambo ya nyumbani. Kifungu cha 216 cha Kanuni ya Adhabu kinambebesha wajibu yeyote anayemwangalia mtu ambaye kwa umri au ugonjwa hawezi kujiondoa wala kujitafutia riziki. Kumnyima mahitaji hadi maisha yake yawe hatarini ni kifungo cha hadi miaka 3, chini ya kifungu cha 239. Ni kidogo, nakubali. Akifa kwa uzembe huohuo, shtaka huwa kuua bila kukusudia, na hapo kikomo ni maisha. Piga picha vidonda, ijazwe fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, kabla hajaoshwa na kuhamishiwa kwa shangazi.

Pesa nitazipitia haraka. Mzee wa zaidi ya miaka 70 anapata Sh2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa posho kwa wazee, na mjukuu aliyetumwa kuzichukua anazila. Polisi huandika wizi wa kawaida, miaka 3. Aliyepokea pesa kwa maagizo ya kumfikishia mwenyewe, au aliyeuza shamba kwa hati ya uwakala akameza malipo, yuko chini ya kifungu cha 283 cha Kanuni ya Adhabu: miaka 7.

Halafu kuna wazee wa Kilifi wanaouawa kwa kuitwa wachawi. Sheria ya Uchawi ya 1925 inalifanya hilo la kumwita mtu mchawi kuwa kosa, isipokuwa umepeleka madai kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine. Muuaji anashtakiwa kwa mauaji, ingawa tangu Desemba 2017 hukumu ya kifo si lazima tena. Utetezi wanaoukimbilia ni kuchokozwa ghafla. Mwaka 1941, katika kesi ya Uganda ya mtu aliyekutwa usiku akitambaa uchi kwenye boma la watu, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikubali kwamba kumkuta mtu katika kitendo unachoamini ni uchawi kunaweza kushusha mauaji yawe kuua bila kukusudia. Imani tupu, bila kitendo mbele ya macho, haitoshi. Mzee aliyekatwa mapanga kitandani mwake hakumchokoza yeyote, na mara nyingi kuna shamba linalogombaniwa nyuma yake. Ndiyo maana katika kesi hizi mimi huomba kumbukumbu za baraza la chifu kuhusu mipaka mapema kabisa, hata kabla ya kuuliza panga liko wapi.