Kumeza majira kwa asiyeweza kumeza tembe: kidonge huhesabika lini?

Kwa wauguzi na wafamasia, kidonge cha majira (cha kuzuia mimba) kimemezwa pale tu dawa yote iliyomo ilipofika tumboni, ikakaa huko hadi ikafyonzwa, na ikafika kwa wakati wake. Kilichokwama kooni kikatemwa hakijamezwa. Kilichotapikwa baada ya dakika 20 hakijamezwa. Kilichosagwa, nusu ya unga ikabaki kwenye kijiko, hakina hesabu ya kuaminika. Kipimo hicho ndicho cha kupimia kila mbinu anayoambiwa mwanamke ambaye koo lake hukataa tembe.

Sababu ya ukali huo ni udogo wa dozi. Aina moja inayotolewa sana ina homoni mbili: levonojestreli miligramu 0.15 na ethinilestradioli miligramu 0.03. Jumla haifiki hata robo ya miligramu. Sehemu kubwa ya kidonge unachokiona ni wanga, sukari na vitu vya kukishikilia. Kwa hiyo alama ya unga iliyobaki mezani, ambayo kwa jicho si kitu, inaweza kuwa sehemu ya kutosha ya dozi ya siku.

Kabla ya kufikiria kusaga, jaribu kumeza kizima, maana vidonge hivi ni vidogo kuliko tembe nyingi za maumivu. Kaa wima, lowesha kinywa kwa funda moja la maji, kisha weka kidonge katikati ya ulimi. Mwaka 2014 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha matokeo ya mbinu ya chupa: jaza maji kwenye chupa laini ya plastiki, bana mdomo wa chupa kwa midomo yako pasiingie hewa, kisha vuta maji kwa nguvu na umeze hapo hapo. Chupa ikibonyea, umefanya sawa. Kazi ya kuvuta husaidia kumeza kuanza bila kusitasita. Asiyeipenda chupa akiweke kidonge kwenye kijiko cha mtindi, uji mzito uliopoa au ndizi iliyopondwa, ameze bila kutafuna, kisha anywe maji. Chakula hakiharibu vidonge hivi.

Mahali pazuri pa mazoezi pamo ndani ya pakiti yenyewe. Katika pakiti nyingi za vidonge 28, vile 7 vya mwisho vya kahawia ni madini ya chuma tu, havina homoni. Fanyia mazoezi hapo, kimoja kwa siku: kikikushinda, kitupe na kinga yako haipungui. Lakini usipoteze hesabu ya siku, kwani pakiti mpya lazima ianze siku yake. Angalizo: vidonge vya homoni moja wanavyopewa wengi wanaonyonyesha kwa kawaida havina tembe za mapumziko kama hizo, vyote vina dawa.

Kukata kidonge vipande viwili mara nyingi hakusaidii. Nusu huwa na kingo kali zinazokwaruza, na zile chembe zinazoruka ni dawa. Ukikata, meza vipande vyote wakati ule ule. Nusu asubuhi na nusu jioni si dozi.

Kutafuna au kusaga je? Vidonge vya majira vya kawaida havikutengenezwa kuachia dawa polepole, na sukari ya juu kazi yake kubwa ni kulainisha na kuficha ladha. Marekani zipo hata tembe za majira za kutafuna, na maelekezo yake husisitiza kunywa glasi nzima ya maji mara tu baada ya kutafuna. Kwa aina ambayo haikutengenezwa hivyo, muulize kwanza mfamasia kwa jina la kidonge chako. Akikubali, kibane kati ya vijiko viwili vikavu, changanya unga wote na kijiko kimoja cha mtindi, uumeze wote papo hapo, kisha suuza vijiko vyote viwili kwa maji kidogo na unywe maji hayo. Usimwage unga kwenye bakuli zima la uji, kwani usipolimaliza hutajua umekula kiasi gani. Usiuloweke kwa ajili ya kesho. Wala usikifiche chini ya ulimi ukidhani ni njia ya mkato. Hakikupimwa kwa matumizi hayo.

Mambo yakiharibika, angalia saa. Ukitapika ndani ya saa 2 tangu kumeza, meza kingine cha homoni haraka. Karatasi za baadhi ya dawa husema saa 3 hadi 4, na kufuata muda mrefu zaidi hakuna hasara. Kitoe kwenye pakiti ya akiba ili mpangilio wako usivurugike. Kutapika au kuharisha vikali kukizidi siku 2, fuata kanuni ya vidonge vilivyosahaulika.

Kanuni hiyo, kwa vidonge vya homoni mbili: ukikosa 1 au 2, meza mara unapokumbuka na uendelee. Ukikosa 3 au zaidi, meza kimoja mara moja, endelea na pakiti, na utumie kondomu siku 7. Ikiwa ni wiki ya 3 ya pakiti, maliza vya homoni, ruka vile vya kahawia na uanze pakiti mpya. Vya homoni moja vya levonojestreli havina subira: anayemeza saa 2 usiku akipitisha saa 5 usiku amechelewa, na kama hedhi imesharudi anahitaji kondomu kwa siku 2.

Ikiwa hata chakula au maji hukwama, au shida imeanza ghafla, hilo si suala la kidonge, nenda hospitali. Na kama kila jioni ni vita, mbinu nyingine zipo: sindano ya miezi 3, kijiti cha mkononi, kitanzi. Aliyekuwa akimeza sawasawa anaweza kuhamia sindano au kijiti siku hiyo hiyo bila kusubiri hedhi. Mwenye shaka na vidonge vyake vya karibuni amweleze mtoa huduma ili ahakikishe kwanza hakuna mimba, kisha atumie kondomu siku 7 baada ya kuanza.