Mrabaha wa mpingo tunaujua, wa mizizi je?

Mwenye kutaka kuona kijiji kilichokula jasho la mti wake aende Kilwa, mkoani Lindi. Vijiji vya Kikole na Kisangi vilitenga misitu yao kisheria, na mwaka 2009 misitu hiyo ikaingia chini ya cheti cha FSC, baraza la kimataifa linalothibitisha misitu inayovunwa vizuri, kilichoshikiliwa na MCDI, shirika la Kitanzania la uhifadhi wa mpingo. Kilikuwa cheti cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili ulio mikononi mwa wanakijiji. Mpingo wa huku huishia kuwa zumari za okestra za Ulaya, klarineti na obo, na safari hii sehemu ya fedha ilibaki kijijini.

Ilibakije? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilikipa kijiji ardhi, na Sheria ya Misitu ya 2002 ikakiruhusu kutangaza hifadhi yake na kukusanya mrabaha, yaani malipo ya anayevuna, badala ya kuuacha uende serikali kuu. Kazi yenyewe haina mbwembwe. Mpaka unawekwa alama, miti inahesabiwa, mkutano mkuu wa kijiji unapitisha mpango, na mnunuzi akija kamati ya maliasili inamwonyesha mti wa kukata. Gogo linapimwa, linagongwa nyundo ya alama, risiti inaandikwa. Kila hatua ina mtu anayeweza kuulizwa.

Sasa njoo kwenye mizizi, magome na majani, sehemu ninayoshughulika nayo zaidi. Mpingo unahitaji lori, ila sampuli ya gome inatosha kwenye mkoba wa begani. Ikishafika maabara, anayeitafuta kemikali iliyomo huenda asirudi tena Lindi maisha yake yote. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za mimea na viumbe wengine, iliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014, inataka ridhaa itolewe kabla ya kuchukua na masharti ya mgao wa faida yakubaliwe mapema. Ni sawa kabisa kwenye karatasi. Lakini ridhaa ya nani? Dawa ileile Mwera anaijua, Mmakonde anaijua, Myao anaijua, na ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, wanaichemsha vilevile. Na kibali cha utafiti kutoka COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, ni kibali cha kufanya utafiti. Nimeona watu wakikitumia kana kwamba kijiji kimeshakubali biashara.

Kusini mwa Afrika kuna mifano miwili ninayoipenda kwa kuwa inapingana. Wasani walikuwa wakitafuna mmea wa hoodia kuzuia njaa wakiwa mawindoni. Taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini ikachukua hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, na mwaka 2003 wakakubaliana kwamba Wasani wapate asilimia 6 ya mrabaha ambao taasisi ingeupokea. Mkataba ulisifiwa duniani kote. Dawa yenyewe haikufika sokoni. Kampuni ya dawa ya Pfizer ilijitoa, baadaye Unilever nao wakajitoa. Kwenye rooibos, chai yao nyekundu, makubaliano ya 2019 yaliweka asilimia 1.5 ya bei ya majani yakitoka shambani. Ni kiasi kidogo, ila kinakatwa pale penye mizani, kabla kampuni haijaanza kuongea habari za faida na hasara.

Hapo ndipo rooibos na mpingo wa Kilwa vinapokutana, na ndiyo sababu naviambia vijiji visibabaike na asilimia kubwa ya mauzo ya miaka kumi ijayo. Daini malipo kwa kilo inayotoka. Sampuli ikiwa ndogo mno kupimwa, daini ada ya mara moja, ilipwe kabla mkoba haujapanda gari. Sandarusi ilichimbwa pwani hii karne ya 19, ikapitia Unguja hadi Salem, Marekani, kutengenezea vanishi. Faida kubwa ilifanyika huko mbali, ambako mchimbaji hakuwa na mtu wa kumuuliza.

(Kuna atakayenikumbusha kwamba korosho, zinazolisha nusu ya nyumba za Mtwara, asili yake ni Brazili na hatujawalipa kitu. Kweli. Zililetwa na Wareno karne nyingi kabla ya sheria hizi, na sheria hizi hazirudi nyuma.)

Mfano wa karibu ni ming'oko, viazi pori vya huku kusini. Leo tunaichimba porini, tunaichemsha, tunaiuza barabarani, na hakuna anayedaiwa. Siku mtu atakapotaka kuikausha na kuifungasha kwa tani, kijiji chenye msitu uliotangazwa kitakuwa na pa kuanzia, yaani mpaka, kamati, sheria ndogo na daftari la risiti. Kisicho navyo kitaanza kwa kugombana na jirani kuhusu pori ni la nani, huku magunia yanapakiwa.

Swali linalowasha moto mikutanoni ni hili: fedha ni za mganga aliyeonyesha mmea au za kijiji? Mimi hutenganisha. Mganga alipwe siku hiyohiyo kwa muda na ujuzi wake, na jina lake liandikwe kwenye mkataba kama mtoa maarifa, akiridhia. Malipo ya mmea yaingie akaunti ya kijiji, yasomwe kwenye mkutano mkuu pamoja na mapato mengine, na wenyewe waamue kama ni kisima au paa la zahanati.