"CA 15-3 yangu iko sawa" (kipimo cha damu): maswali ya waliomaliza matibabu ya saratani ya matiti

Saratani ya "hasi tatu" ni ipi?

Ni saratani ya matiti ambayo seli zake hazina vipokezi (sehemu zinazonasa homoni) vya estrojeni wala vya projesteroni, na protini iitwayo HER2 pia haikuzidi. Kwa hiyo vidonge vya homoni kama tamoksifeni haviisaidii. Hukua haraka, na huwapata zaidi wanawake wenye umri mdogo na wenye asili ya Afrika.

Hatari ya saratani hiyo kurudi ni kubwa lini?

Miaka 3 ya mwanzo. Ukivuka 5, hatari hupungua sana. Ikirudi, mara nyingi huenda kwenye mapafu, ini au ubongo.

Nikipima CA 15-3 kila mara, si nitajua mapema?

Hapana. Kipimo hicho hutafuta protini ambayo seli za saratani huimwaga kwenye damu. Zipo seli zisizoimwaga ya kutosha, hata zikiwa zimeshafika kwenye mapafu. Mgonjwa aliyemaliza matibabu na hana dalili hashauriwi kukipima kila mara. Hata hivyo kliniki naletewa bahasha za majibu, pesa yenyewe imechangwa na ukoo mzima.

Nina kikohozi mwezi wa pili, lakini kipimo kiko sawa. Nisubiri?

Usisubiri! Kikohozi hicho ndicho cha kuniletea, karatasi iache nyumbani. Kuna akina mama wanaokohoa wiki 8 huku wakisema "ni vumbi tu, damu yangu safi". Damu safi si mapafu safi.

Na maumivu ya mgongo?

Jibu ni lile lile. Mifupa inayouma hata usiku umelala, kichwa kinachouma kila asubuhi, degedege, kupumua kwa shida, macho kuwa ya njano, kinundu kwenye kovu au kwapani: njoo, hata kama CA 15-3 ilisomwa jana na iko kawaida. Miguu ikiishiwa nguvu ghafla au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tafadhali usianze kwa mtu wa mitishamba.

Kipimo cha CA 15-3 kikipanda je?

Ugonjwa wa ini, ujauzito na hata uvimbe usio saratani huweza kukipandisha. Daktari atakupima, aagize picha ikibidi. Usiage watoto kwa sababu ya namba moja.

Basi kina kazi gani?

Saratani ikiwa imeshasambaa, hutumika pamoja na picha na hali ya mgonjwa kuona kama dawa inafanya kazi.

Nifuatiliwe vipi?

Kliniki kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 3, kisha kila miezi 6 hadi 12 kwa miaka 2, halafu mara moja kwa mwaka. Mamogramu (eksirei ya titi) kila mwaka kwa titi lililobaki. Dalili ikitokea kati ya tarehe hizo, usingoje tarehe. Wala usipitie maabara kwanza.