Umethilishaji wa DNA ni nini?

Seli ya ini na seli ya ubongo zina DNA ile ile, herufi A, C, G na T zipatazo bilioni 3. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zinasomwa na zipi zimefungwa. Njia mojawapo ya kufunga ni umethilishaji: kimeng'enya hubandika kikundi cha methili, yaani kaboni 1 yenye hidrojeni 3, juu ya herufi C, hasa ile inayofuatwa na G. Herufi yenyewe haibadiliki, inavishwa kofia tu. Kofia zikijaa mwanzoni mwa jeni, jeni hiyo kwa kawaida hunyamaza.

Methili hizo hupatikana kwa msaada wa foleti, vitamini iliyomo kwenye maharage, maini na mboga za majani. Wenye badiliko fulani la jeni ya MTHFR kwenye nakala zote mbili huichakata foleti polepole zaidi, na mama mwenye hali hiyo akikosa foleti ya kutosha kwenye lishe, hatari ya kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huongezeka.

Kosa laweza pia kuwa kwa mbandikaji. Jeni ya DNMT3B, inayotengeneza kimeng'enya kimojawapo cha kubandika methili, ikiharibika, mtoto huweza kupata ugonjwa wa ICF, ambao huacha kinga ya mwili ikiwa dhaifu na maambukizi yakijirudia. Au jeni hufungwa isipostahili: kwenye jeni iitwayo FMR1, herufi CGG zikijirudia zaidi ya mara 200, jeni hufunikwa kwa methili na kunyamaza, na ulemavu wa akili hufuata.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa msomaji wa kofia, yaani protini ya MeCP2 inayozitambua methili kwenye DNA; ikiwa na kasoro, huleta ugonjwa wa Rett. Daktari Andreas Rett wa Vienna alieleza mwaka 1966 juu ya wasichana waliokuwa wakifikicha mikono bila kukoma, kana kwamba wanafua. Mtoto wa namna hii hukua vizuri miezi 6 hadi 18, kisha maneno machache aliyoyajua yanapotea, na mikono iliyoshika kijiko haishiki tena. Mwaka 1999 maabara ya Huda Zoghbi, Houston, ilionyesha chanzo: jeni ya MECP2 iliyoko kwenye kromosomu X. Kofia zipo mahali pake, ila anayezisoma ana kasoro.

Mzazi wa mtoto huyu alijue hili: mara nyingi sana kosa hilo huzuka upya, halikurithiwa. Si laana, wala si kitu mama alichokula.

Mwaka 2007 maabara ya Adrian Bird, Edinburgh, iliwachukua panya ambao jeni yao ya Mecp2 ilikuwa imezimwa, wakiwa tayari wagonjwa, ikaiwasha upya. Wengi wao walianza kupumua na kutembea vizuri. Seli za ubongo wao hazikuwa zimekufa.