Mahakama ipi itaamua? Kipengele kinachosahaulika katika mikataba ya kuvuka mpaka

Mikataba ya dagaa na mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) inayoletwa ofisini kwangu hapa Mwanza huwa imejadiliwa kwa kina katika bei, uzito na tarehe ya kupakia mzigo. Kipengele cha mwisho, kinachotaja mahakama itakayoamua mgogoro, mara nyingi kimenakiliwa kutoka mkataba wa mtu mwingine, na wenye mkataba hukisoma siku malipo yanapokwama.

Pasipo makubaliano yoyote, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, humwelekeza mdai afungue shauri mahali mdaiwa anapoishi au kufanyia shughuli zake, au mahali ilipozuka sababu ya madai. Wahusika wanaruhusiwa kuchagua kati ya mahakama zenye mamlaka, lakini hawawezi kumfungia mmoja wao milango ya mahakama zote, kwa kuwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inabatilisha makubaliano ya namna hiyo.

Je, wanaweza kuchagua mahakama ya ng'ambo na kuziacha za Tanzania? Wanaweza. Katika shauri la Sunshine Furniture dhidi ya Maersk, Rufaa ya Madai Na. 98 ya 2016, Mahakama ya Rufani iliheshimu kipengele cha hati ya shehena (hati ya kupokea na kusafirisha mzigo melini) kilichopeleka migogoro katika Mahakama Kuu ya Uingereza, London. Majirani zetu wa Kenya wana msimamo unaofanana tangu shauri la United India Insurance la mwaka 1985: kipengele kitafuatwa isipokuwa anayetaka kukikwepa aoneshe sababu nzito. Vigezo vya kupima sababu hizo vinatoka katika uamuzi wa Uingereza uitwao The Eleftheria, ambao huuliza ushahidi uko wapi, sheria ya nchi gani inatumika, na kama mdaiwa anataka kweli kusikilizwa kule au anatafuta tu mwanya wa kuchelewesha. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona kuwa la haki zaidi, maana pingamizi la awali la mamlaka, yaani hoja kwamba mahakama haina uwezo wa kusikiliza shauri, ni kimbilio la wadaiwa wengi wasio na utetezi.

Kwa hiyo maneno yapimwe. "Mahakama za Nairobi zitakuwa na mamlaka" huacha nafasi ya kubishania kwamba Mwanza nayo bado ina mamlaka. "Mahakama za Nairobi pekee" haiachi nafasi hiyo.

Swali ambalo wateja hulisahau ni hili: mali ya mdaiwa iko wapi? Mnunuzi wa dagaa mwenye ghala na akaunti Kisumu hatikiswi na hukumu ya Mwanza mpaka ifike kwao. Bahati nzuri, agizo la Kenya la mwaka 1984 linaitaja Tanzania miongoni mwa nchi ambazo hukumu zake husajiliwa katika Mahakama Kuu ya Kenya, ndani ya miaka sita, kisha zikakaziwa, yaani kutekelezwa, kama za huko. Kwa mkataba kama huo mimi huandika Mwanza, nikimwachia muuzaji haki ya kushtaki pia mahali penye mali ya mnunuzi.

Mnunuzi wa mabondo aliyeko China ni jambo jingine. Mkataba wa The Hague wa 2005 kuhusu makubaliano ya kuchagua mahakama, ulioanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2015, unailazimisha mahakama iliyochaguliwa kusikiliza shauri, zile nyingine kujitoa, na nchi wanachama kuitambua hukumu. Lakini Tanzania si mwanachama, na usafirishaji wa mizigo umewekwa nje ya mkataba huo. Hapo napendekeza usuluhishi (arbitration), ambapo wasuluhishi huamua mgogoro badala ya mahakama, kwa sababu Tanzania na China zote zimo katika Mkataba wa New York wa 1958 unaohusu utekelezaji wa tuzo za usuluhishi, yaani maamuzi ya wasuluhishi. Kipengele chake kitaje mji ambao kisheria ndio makao ya usuluhishi, idadi ya wasuluhishi, lugha itakayotumika na sheria itakayoutawala mkataba wenyewe.