Akili Haijaganda, Ni Macho

Wiki hii nimeisikia tena, mara mbili: "Mwalimu, akili yangu imeshaganda, herufi haziingii." Tangu nianze kufundisha kisomo cha watu wazima, hakuna kauli iliyonipotezea wanafunzi wengi kama hii, na inaniuma kwa sababu mara nyingi akili haihusiki kabisa.

Safari hii aliyesema ni mama muuza vitumbua. Nikamwangalia anavyosoma: kitabu kakishika mbali, mkono wote kaunyoosha, kichwa kakirudisha nyuma, kiti kakivuta hadi mlangoni kwenye mwanga. Nikamuuliza, "Mama, nyumbani nani anakutungia uzi kwenye sindano?" Akajibu, "Mjukuu. Siku hizi tundu silioni."

Basi, tatizo ndilo hilo. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosonga, na kuanzia miaka 40 hivi vitu vya karibu huanza kufifia, hata kwa aliyekuwa akimwona ng'ombe wake kilima cha pili. Aliyeacha kusoma utotoni atajuaje? Anaona a, o na e zote sawa, anajiita mjinga, anafunga daftari. Kapimwe macho kwanza! Usiazime miwani ya jirani, namba yake si yako. Na ukiwa huko waombe wakupime na presha ya jicho, maana yenyewe huharibu kimyakimya.

Ni kweli ukubwani jambo jipya huchelewa kukaa. Kwa hiyo rudia: robo saa kila siku, siyo saa tatu za Jumamosi halafu daftari linalala wiki nzima. Hili nalisema mpaka wanafunzi wangu wananichoka. Tena mtu mzima haji mikono mitupu. Mama huyu anakokotoa kichwani chenji ya elfu kumi kabla sijashika kalamu, ndiyo maana hesabu tulianzia kwenye bei ya mchele na mafuta.

Visingizio vingine navyo navisikia. "Samaki mkunje angali mbichi." Methali hiyo ni ya malezi ya watoto, ibaki huko. Kimani Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, akitaka kuisoma Biblia mwenyewe.

"Nitachanganywa na watoto." Hapana. Hapa Tanzania kuna madarasa ya watu wazima ya MUKEJA, yaani Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii, na aliyekosa sekondari hufanya Mtihani wa Maarifa, QT, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

"Bila kurudi chuo miaka miwili, fundi hapati cheti." Si kweli. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: wewe uliyejifunzia ujenzi au useremala kazini unapimwa kwa unachokifanya, wanaona ulipopungua, unajazia hapo tu.